Kiwiko kimegoma, na sasa nimeitwa Kibera kufunza watoto: nikubali?

Kwako Mwalimu,

 Mimi ni kijana wa Kawangware wa miaka 27, na tangu kidato cha pili nimekuwa mrushaji wa besiboli. Najua wasomaji wengi hawaujui mchezo huu, basi niseme tu kwamba mrushaji ndiye husimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo, na mechi nzima humtegemea yeye. Mwalimu mmoja alituletea mchezo huu shuleni akiwa na glavu chache na mipira minne, nikaupenda kuliko kandanda. Nimechezea timu za hapa Nairobi. Nimeitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa mara mbili, na mara zote mbili majina yaliposomwa langu halikuwamo.

Mwaka jana kiwiko kilianza kuuma upande wa ndani. Nikirusha mipira ishirini hivi, vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Nimejipaka dawa ya kuchua, nimekandwa na mzee mmoja wa Gatina anayesifika kwa kazi hiyo, nimepumzika, lakini kila nikirudi uwanjani maumivu nayo hurudi. Kasi yangu pia imeshuka.

Sasa kituo kimoja cha watoto huko Kibera kimeniomba niwe kocha wa warushaji wao. Wana watoto kama thelathini, wavulana na wasichana, wa kati ya miaka 9 na 15. Wananiahidi nauli na kitu kidogo kila mwezi. Mimi huuza viatu vya mitumba katika soko la Toi. Mama yangu anasema nimecheza vya kutosha, afadhali nifungue kibanda cha pili. Wenzangu wa timu wananicheka, eti aliyeshindwa kucheza ndiye hugeuka kocha. Na vijana wa mtaani kwetu wananilaumu: kwa nini niende kufunza Kibera ilhali Kawangware imejaa watoto wasio na la kufanya baada ya shule?

Niutibu mkono nirudi kurusha, au nikubali ukocha? Na mtu ambaye hakufika popote ana haki gani ya kumfunza mtoto wa mwenzake?

Mrushaji, Kawangware

*

Mwanangu Mrushaji,

Kabla hatujafika Kibera, na kabla hatujamfikia mama yako na hao wanaokucheka, tuanze na vile vidole viwili. Ingekuwa ni maumivu peke yake, ningekuambia upumzike kisha tuone. Ganzi ni habari nyingine. Upande wa ndani wa kiwiko hupita mshipa wa fahamu unaofika hadi kidole cha mwisho na jirani yake, ule ule unaokufanya uruke ukijigonga kiwiko kwenye kona ya meza. Vidole hivyo vikifa ganzi kila unaporusha, mshipa huo huenda unabanwa au unavutwa, na hakuna dawa ya kuchua wala mkandaji atakayeuponya wakati wewe unaendelea kuutesa. Acha kurusha leo, wala usingoje mechi ya Jumamosi ipite. Nenda hospitali ya Mbagathi, eleza habari ya ganzi kama ulivyonieleza mimi, uombe kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia au wa mifupa. Wakiona inafaa watakupeleka Hospitali ya Kenyatta. Na kama hujajisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, fanya hivyo sasa. Kwa mtu aliyejiajiri mchango huwa wa mwaka mzima, kwa hivyo usingoje siku ya kulazwa ndipo uanze kuchangisha.

Kila mrushaji amesikia habari za Tommy John, na sina shaka nawe umezisikia. Alikuwa akirusha kwa mkono wa kushoto katika timu ya Los Angeles Dodgers, na mwaka wa 1974 kano ya kiwiko chake ilikatika. Tarehe 25 Septemba mwaka huo daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wake wa kulia akaipandikiza kwenye kiwiko kilichoharibika. John akakosa msimu wote wa 1975, akarudi 1976, na kati ya mechi 288 alizoshinda maishani mwake, 164 zilikuja baada ya upasuaji huo. Ni kisa cha kutia moyo, lakini kimewapa vijana wengi matumaini yasiyowahusu. Yeye alikuwa na klabu na madaktari wa klabu, na alikuwa na msimu mzima wa kujirudisha taratibu bila kuwaza kodi ya nyumba. Wewe unaishi kwa mkono huo huo unaofungua marobota Toi. Ukiuharibu kwa ajili ya majaribio ya mara ya tatu, utakuwa umeharibu pia kinachokulisha.

Kwa hivyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: tibu mkono upate mkono wa kuishi nao, usiutibu ili urudi kushindana. Najua neno hili linauma. Umeupa mchezo huu ujana wako, na hakuna aliyekusomea jina. Unayo haki ya kuhuzunika, na usimruhusu mtu akuharakishe kuimaliza huzuni hiyo.

Sasa tuje kwa hao wenzako na kicheko chao. Kuna mtu anayeitwa Leo Mazzone. Alikuwa mrushaji katika ligi ndogo za Marekani kwa miaka, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Mwaka wa 1990 akawa kocha wa warushaji wa Atlanta Braves na akaishika kazi hiyo hadi 2005. Watatu aliowafunza huko, Greg Maddux, Tom Glavine na John Smoltz, wote wameingia katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli. Kati ya 1991 na 1998 warushaji wake walitwaa tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa mwaka, mara sita. Siri yake kubwa ilikuwa katika mazoezi: aliwataka warushe mara nyingi zaidi kati ya mechi na mechi, lakini kwa nguvu kidogo, wakilenga mahali badala ya kushindana na kasi. Mtu aliyefukuzia kasi miaka mingi akaikosa anaweza kulielewa somo hilo kuliko aliyezaliwa nayo. Dave Duncan, ambaye warushaji wake katika timu mbalimbali walishinda tuzo hiyo hiyo, hakuwa mrushaji kabisa alipokuwa mchezaji. Alikuwa mdakaji. Kazi yake ilikuwa kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kutazama mikono ya wengine, na huko ndiko alikosomea ukocha.

Na usidhani mambo haya ni ya Wamarekani pekee. Hapa kwetu mchezo ulio karibu zaidi na wako ni kriketi, na kriketi ya Kenya inazo habari ambazo kila mrushaji wa Nairobi angepaswa kuzijua. Tarehe 29 Februari 1996, huko Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Katika kikosi kile walikuwamo warushaji wawili vijana, Martin Suji na Thomas Odoyo. Odoyo alikuwa na miaka 17. Wote wawili walikuwapo pia mwaka wa 2003 Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mikono yao ilipochoka wakageukia ukocha. Suji akaenda kuifunza Uganda, na baadaye Rwanda. Odoyo akawa kocha mkuu wa Kenya, na mapema 2018, timu iliposhindwa vibaya katika mashindano ya Namibia ikashushwa daraja, alijiuzulu.

Odoyo nakutajia kwa makusudi. Alikuwa mmoja wa wachezaji bora zaidi ambao nchi hii imewahi kuwa nao, mtu mwenye zaidi ya wiketi 100 za kimataifa za siku moja, na bado jina lake halikumkinga na matokeo ya timu. Mrushaji akiharibu, mpira unaofuata anaweza kurekebisha mwenyewe. Kocha hukaa pembeni akitazama wengine wakiharibu, kisha lawama humjia yeye. Ukocha si kiinua mgongo cha mchezaji aliyechoka. Ni kazi nyingine kabisa, yenye ujuzi wake, na wewe hujaujua bado. Sikutukani. Miaka uliyorusha inakupa mambo mawili: heshima ya watoto siku ya kwanza, na kumbukumbu ya jinsi mwili unavyohisi mpira ukitoka vizuri mkononi. Siku ya pili watataka uwaeleze, na hapo ndipo utaanza kuona.

Chukua mpira wako sasa hivi uushike kama unavyoushika ukitaka kurusha moja kwa moja. Vidole viwili viko juu, vimekata mshono mahali unapopanuka, na gumba liko chini. Sasa mpe mtoto wa miaka tisa mpira huo huo. Vidole vyake viwili havitoshi. Mpira utaning'inia kisha utamponyoka kwenda kando. Atahitaji vidole vitatu juu hadi kiganja kikue. Jambo hilo mwili wako haukuambii, kwa sababu mwili wako umesahau ulivyokuwa na miaka tisa. Vivyo hivyo na mguu wa mbele: wewe unauweka ukimwelekea mdakaji bila kufikiri, yeye ataukanyagisha upande, kiuno kitafunga, na mkono utalazimika kufanya kazi ya mwili mzima. Ukimwambia "rusha kwa nguvu", ataongeza nguvu kwenye mkono ule ule unaoonewa. Ukimchorea mstari kwa chaki kuanzia alipo hadi kwa mdakaji, ukamwambia kidole gumba cha mguu kiulalie mstari, atajirekebisha mwenyewe. Mpige picha ya video kwa simu ukiwa ubavuni mwake, kisha ukiwa nyuma yake, mtazame pamoja polepole. Watoto wa siku hizi huelewa kwa macho haraka kuliko kwa masikio.

Umbali nao uupime kwa kamba. Mrushaji mtu mzima husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Watoto wa hadi miaka 12 katika Little League, ligi ya watoto ya Marekani, husimama mita 14 tu. Nimeona watoto wakisimamishwa mbali kwa sababu kocha alipenda kuuona mpira ukiruka, nao wakajifunza kurusha kwa kujipinda mgongo mzima.

Hapa sasa nataka unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote. Kiwiko cha mtoto si kiwiko cha mtu mzima kilichopunguzwa ukubwa. Upande ule ule unaokuuma wewe, mfupa wa mtoto bado unakua, na mahali unapokulia ni gegedu laini, dhaifu kuliko kano iliyoshikana nalo. Mtoto akirusha kupita kiasi, kinachovutika na kuachana ni pale mfupa unapokulia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2006 uliwalinganisha warushaji vijana waliofanyiwa upasuaji na wenzao ambao hawakuumia, ukaona kwamba wale waliokuwa wakirusha mara kwa mara hali mkono umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuishia kwa mpasuaji. Kinachoharibu mikono hiyo ni mkono uliochoka na mtu mzima aliyesimama karibu akisema "mmoja wa mwisho".

Ndiyo maana Little League huhesabu kila mpira. Mtoto wa miaka 9 hadi 10 haruhusiwi kupita 75 kwa siku; wa 11 hadi 12, mipira 85; wa 13 hadi 16, mipira 95. Kwa wa miaka 14 kwenda chini, akipita 20 hupumzika siku moja, akipita 35 siku mbili, akipita 50 siku tatu, na akifika 66 siku nne. Aliyerusha zaidi ya 40 haruhusiwi kuwa mdakaji siku hiyo, kwa sababu mdakaji naye hurusha kila mara. Hivyo ni vipimo vya juu kabisa, vya watoto waliozoea. Wako wanaoanza wasikaribie huko kwa miezi mingi. Nunua daftari la Kasuku, upige mistari: jina, umri, mipira ya leo, na safu moja ya swali ambalo utamuuliza kila mtoto kabla hajaondoka, "Wapi panauma?" Mtoto wa Kibera hatakuambia bila kuulizwa. Anaogopa hutamchezesha kesho. Na mpira wa kupinda, ule ambao watakuomba tangu siku ya kwanza kwa kuwa wameuona kwenye simu, uweke kando. Wafunze mpira wa moja kwa moja na ule wa kupunguza kasi. Wa kupinda usubiri wafike ujana na mwili ukomae.

Wewe mwenyewe unajua kiwiko kibovu kinavyokunyima usingizi. Hiyo ndiyo haki yako ya kumfunza mtoto, kama bado unaitafuta. Ukikaa na watoto thelathini miaka mitano, na hata mmoja wao asiandike barua kama uliyoniandikia mimi, utakuwa umefanya kazi ambayo makocha wengi wenye majina makubwa hawakuifanya.

Kuhusu uwanja. Kibera si mahali pa kurusha mpira halisi wa besiboli ovyo. Mpira wa gramu 145 hivi ukikosa glavu utatua kwenye mabati ya mtu au kwenye kichwa cha mama anayekaanga samaki, na siku hiyo mradi wako utakuwa umekwisha. Anza na mipira ya tenisi. Chora kisanduku ukutani, kimo cha magoti hadi kifua cha mtoto, waache walenge. Siku mtakayopata uwanja wa wazi kama Woodley, toa mipira yenyewe.

Kisha uujue mchezo wa Baseball5, maana huo ndio unaoweza kukufungulia mlango mtaani. Umeanzishwa na shirikisho la dunia la besiboli, WBSC. Wachezaji watano kila upande, wavulana na wasichana pamoja, mpira wa raba, bila gongo wala glavu, mizunguko mitano, na uwanja unaotosha kwenye ua wa shule. Umo katika ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza kufanyika Afrika. Lakini jua hili: mchezo huo hauna mrushaji. Mpigaji hujirushia mwenyewe na kupiga kwa mkono. Kama unajiona kocha wa warushaji tu, hutakuwa na kazi hapo. Kama uko tayari kufunza kudaka, kukimbia kutoka kituo hadi kituo, na kumtupia mwenzako mpira kwa haraka na kwa usahihi, utakuwa na kazi ya mwaka mzima. Na utashangaa utakavyowapata warushaji wako humo humo. Wasichana waliokua wakicheza kati kwa mpira wa soksi na karatasi za plastiki, mmoja katikati akikwepa na wawili wakimlenga, tayari wana mkono na jicho. Raunda nayo wameicheza shuleni. Usiwaweke pembeni ukawasubiri wavulana.

Tazama majirani zetu wa Uganda. Mwaka wa 2011 timu ya watoto wa Kampala ilishinda ubingwa wa kanda na kufuzu kwa Kombe la Dunia la Little League, ikanyimwa viza za Marekani kwa sababu stakabadhi za umri hazikukubaliana. Watoto walibaki nyumbani. Timu ya Kanada ambayo ingecheza nao ilisafiri hadi Uganda Januari 2012 ili mechi hiyo ichezwe. Mwaka huo huo watoto wa Lugazi wakafika kwenye Kombe hilo huko Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko, na wakawashinda watoto wa Oregon 3-2. Miaka kumi baadaye, 2022, Dodgers wakawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na baada yao mrushaji David Matoma akasajiliwa na Pittsburgh Pirates. Hayo yote yalitoka kwa watu wazima waliokaa na watoto wale wale mwaka baada ya mwaka katika viwanja vya kawaida. Na kitu kilichowazuia wale wa 2011 kilikuwa karatasi. Kwa hivyo katika mwezi wako wa kwanza Kibera, mwombe kila mzazi nakala ya cheti cha kuzaliwa. Asiyenacho, msaidie kukitafuta mapema. Na usikubali kamwe, hata ukisihiwa, kupunguza umri wa mtoto.

Mama yako hajakosea. "Kitu kidogo kila mwezi" si mshahara, na wewe hujui ni kidogo kiasi gani. Kabla ya kuanza, kaa na kituo hicho muandikiane: siku ngapi kwa wiki, saa ngapi, shilingi ngapi, zitatumwa kwa M-Pesa tarehe gani, nani ananunua mipira, na mtoto akiumia nani anampeleka hospitali na kwa pesa za nani. Wakisema maandishi hayana haja kwa kuwa "sisi ni familia", ondoka kwa heshima. Nawe uende ukiwa na cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi, DCI, ambacho huombwa kupitia eCitizen, bila kungoja waulize. Jifunze huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hutoa mafunzo hayo. WBSC ina kozi za makocha mtandaoni. Usibaki peke yako na mtoto mahali pa faragha, na hakikisha kuna mama au dada mtu mzima uwanjani kila wasichana wanapofanya mazoezi. Mzazi anayekukabidhi binti yake hakujui, hata kama kituo kinakujua.

Toi usiiache. Asubuhi na mchana uza viatu, na kuanzia saa kumi jioni, watoto wakitoka shuleni, nenda uwanjani siku mlizoandikiana. Mwambie mama kwamba utampa hesabu baada ya mwaka mmoja wa shule: ulichopata, ulichotumia, na nani mwingine amekuita. Nasema hivyo kwa sababu njia ipo. Kuanzia Januari 2026 wanafunzi wetu wa Gredi ya 10 wana mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, na shule za binafsi za Lavington, Kilimani na Karen tayari huajiri makocha wa kulipwa kwa kipindi. Watamtaka mtu mwenye vyeti, mwenye daftari la kazi yake, na mwenye watoto wanaoweza kuonekana wakicheza. Hayo yote utayapata Kibera kama utakwenda kwa utaratibu. Mama anaogopa usipotee ukicheza, na mimi nadhani atatulia akiona mwanawe amekuwa mwalimu.

Na vijana wa mtaani kwako wanaokulaumu, waambie besiboli haichezwi na timu moja. Ukishapata kikosi Kibera, kitahitaji mpinzani, na mpinzani wa karibu ni Kawangware. Kutoka huko hadi Kibera hata nauli haihitajiki, watoto watatembea kwa miguu wakiimba. Anza Kibera kwa kuwa huko kuna watu wazima waliojiandaa, kuna orodha ya watoto, na kuna aliyekuita. Wakati huo huo mchague kijana mmoja kati ya hao wanaokulaumu, aje nawe mazoezini, ashike daftari, ajifunze kuhesabu mipira. Ukiona anakuja hata siku za mvua, mwachie Kawangware aianzishe yeye, nawe umsimamie. Asipokuja, utakuwa umejua lawama zake zilikuwa na uzito gani.

Uamuzi wangu basi: kubali kazi hiyo, baada ya kumwona daktari na baada ya kuandikiana, na uikubali kama mwanafunzi wa ukocha. Sare ya kurushia usiitupe. Watoto watapenda kuiona.

Nanyi wazazi wa Kibera na Kawangware ambao watoto wenu wamejiunga na mchezo wowote wa kurusha, iwe besiboli, kriketi au mkuki, nawaomba jambo moja. Mtoto akirudi jioni, msimuulize tu kama wameshinda. Muulizeni amerusha mara ngapi, na wapi panauma. Kisha siku moja mfike uwanjani, mmuulize kocha maswali hayo hayo, na mkimkuta hana jibu, mtoeni mtoto hadi atakapolipata.